Kwa nini Bert Williams, mtu mweusi, alijipaka weusi usoni?

Tazama picha mbili za Bert Williams, mchekeshaji wa jukwaani aliyevuma Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ya kwanza amevaa suti: mrefu, nadhifu, rangi yake maji ya kunde. Ya pili yuko jukwaani: uso mweusi tii, midomo imechorwa ikawa mikubwa, nguo na viatu havimkai. Ni mtu yuleyule. Sasa mweusi ana haja gani ya kujipaka weusi?

Tangu miaka ya 1830, wachekeshaji wa kizungu Marekani walichoma vizibo vya chupa, wakajipaka masizi yake na kumwigiza mtu mweusi kama mjinga na mvivu. Watazamaji wakaizoea sura hiyo mno. Weusi wenyewe walipopata nafasi ya kupanda jukwaani, walitakiwa wafanane na kikaragosi chao. Hiyo ndiyo ilikuwa tiketi ya kuingilia, na ilikuwa tiketi ya dhuluma.

Williams alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874. Mwaka 1893, huko San Francisco, alikutana na George Walker, wakaingia pamoja kwenye vodevili, yale maonyesho ambayo mwimbaji, mcheza dansi, mwanamazingaombwe na mchekeshaji hupokezana jukwaa usiku mmoja. Walker alikuwa mtanashati asiyejipaka. Williams ndiye aliyebeba masizi. Mwaka 1903 walifika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho New York, na "In Dahomey", tamthilia ya muziki iliyoandikwa na kuchezwa na weusi, kisha wakaipeleka London hadi Buckingham, kasri la mfalme.

Walker aliugua, akafariki mwaka 1911. Williams alikuwa ameshaingia peke yake katika Ziegfeld Follies, maonyesho makubwa ya muziki na vichekesho ya New York, mwaka 1910, mweusi katikati ya kundi la wazungu.

Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Alikuwa na kipande cha kucheza poka, kamari ya karata, bila karata, bila mtu mwingine mezani, bila kutamka neno. Anagawa karata za hewani, anachungulia zake, uso unang'aa kwa tumaini. Anawatupia jicho wachezaji wasiokuwepo, anaongeza dau, anaongeza tena. Kisha polepole ule uso unaporomoka: ameliwa. Mjinga wa masizi alikuwa amegeuka binadamu mwenye bahati mbaya, na kila aliyekaa ukumbini alijiona ndani yake. Mwenyewe alieleza kwamba ucheshi wake ulikomaa pale tu alipoweza kujitazama kama mtu mwingine. Kinyago kilimpa huyo mtu mwingine.

Alifariki tarehe 4 Machi 1922, akiwa na miaka 47, siku chache baada ya kuanguka jukwaani Detroit. Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo.

Lakini kuna jibu jingine, nalo lilichelewa sana. Mwaka 2014 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilionyesha vipande vya filamu aliyocheza mwaka 1913, ambayo haikuwahi kukamilishwa. Williams amejipaka. Waigizaji weusi waliomzunguka wana nyuso zao wenyewe: wanacheza dansi, wamevalia vizuri, wanapanda bembea ya farasi ya kuzunguka. Masizi ya mmoja yalikuwa yamewatosha wote.