Nadharia za mashabiki kuhusu historia ya kale iliyofichika: maana yake na namna zinavyojengwa

Nadharia ya mashabiki kuhusu historia iliyofichika ni maelezo yanayotungwa na wasomaji, wala si na mwandishi, kuhusu mambo yaliyotokea zamani sana katika ulimwengu wa kubuni, kabla ya kisa chenyewe kuanza, ambayo kitabu kimeyadokeza bila kuyasimulia. Kubahatisha nani atakalia kiti cha enzi mwishoni ni jambo jingine, na hadithi mpya anayoitunga shabiki kwa kuazima wahusika wa mtu mwingine ni jambo jingine pia. Anayejenga nadharia ya aina hii hukusanya ushahidi uliotawanyika kurasani, huulinganisha, kisha hutoa dai ambalo msomaji mwenzake anaweza kulipinga kwa kurasa zilezile.

Si kila ulimwengu wa kubuni huzaa nadharia hizi kwa wingi. J. R. R. Tolkien aliandika kwa urefu historia ya kale ya ulimwengu wake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilichapishwa mwaka 1977, baada ya kufariki kwake, katika The Silmarillion. Anayetaka kujua dunia ile iliumbwaje ana pa kusoma. George R. R. Martin alifuata njia tofauti. Katika mfululizo wa riwaya ulioanza mwaka 1996 na A Game of Thrones, mambo ya kale humfikia msomaji kupitia watu ambao hawakuyashuhudia: walezi wanaosimulia watoto, makuhani, wasomi wanaopingana. Katika kitabu cha nne, kilichotoka mwaka 2005, Samwell Tarly, mlinzi kijana wa Ukuta, boma kubwa la barafu la kaskazini, anapekua maandishi ya kale kwenye ngome ya hapo na kutambua kwamba historia kongwe kabisa ziliandikwa baada ya Waandali, watu waliotoka ng'ambo ya bahari, kufika Westeros, bara ambamo sehemu kubwa ya kisa hutokea, ilhali Watu wa Kwanza, waliowatangulia huko, waliacha michoro ya herufi kwenye mawe tu. Kwa hiyo yote yanayosemwa kuhusu Usiku Mrefu, ule msimu wa giza na baridi uliokaribia kuwaangamiza wanadamu, yaliandikwa na watu walioishi maelfu ya miaka baadaye. Kwa maoni yangu, ugunduzi huo mdogo wa Samwell ndio unaowapa wasomaji haki ya kuhoji kila simulizi.

Mwaka 2014 Martin, pamoja na Elio M. García Jr. na Linda Antonsson, alitoa The World of Ice & Fire, kitabu cha historia kinachojifanya kimeandikwa na Yandel, mwanachuoni anayeishi ndani ya ulimwengu huohuo. Umbo hilo lina uzito mkubwa. Yandel anaandika ili kumpendeza mfalme, anategemea maandishi ya wengine, na hajafika nchi nyingi anazozieleza. Anapolipuuza jambo kama porojo, msomaji halazimiki kukubaliana naye.

Humo ndimo ilimotoka nadharia maarufu ya Dola Kuu ya Alfajiri. Yandel anasimulia, kwa mujibu wa hekaya za Yi Ti, mashariki ya mbali, kwamba zamani palikuwa na dola iliyotawaliwa na wafalme walioitwa kwa majina ya vito: Lulu, Jade, Turmalini na wengineo, hadi Malkia wa Amethisto alipouawa na mdogo wake wa kiume. Muuaji huyo, Mfalme wa Jiwe la Damu, akaiacha miungu ya kweli na kuabudu jiwe jeusi lililoanguka kutoka angani, na kwa dhambi hiyo Usiku Mrefu ukaifunika dunia.

Wasomaji makini walikumbuka ukurasa uliochapishwa miaka 18 kabla. Katika riwaya ya kwanza, Daenerys Targaryen, binti wa ukoo wa kifalme uliopinduliwa, akiwa mahututi, anaota njozi ya mizuka iliyojipanga ukumbini ikiwa imevaa mavazi ya kifalme yaliyofifia, yenye nywele za fedha na dhahabu, mikononi panga za moto hafifu, na macho ya rangi nne: opali, amethisto, turmalini na jade. Rangi zote nne ni majina ya watawala wa dola ile. Kabla ya mwaka 2014 ilikuwa rahisi kudhani kwamba mizuka hiyo ni mababu zake wa ukoo wa Targaryen. Baada ya hapo wengi walianza kusema kwamba ni mababu wa kale zaidi, na kwamba watu wa dola hiyo ndio waliofuga majoka kabla ya Valyria, dola ya kale ya wafuga majoka ambako ukoo wa Targaryen ulitoka.

Ushahidi wa pili ni mawe. Ngome Tano zilizo mpakani mwa Yi Ti, zenye kuta zinazokaribia urefu wa futi 1,000, zimejengwa kwa jiwe jeusi lililoyeyushwa likawa kitu kimoja, na msingi wa mnara wa Hightower huko Oldtown, mji wa Westeros, upande wa pili wa dunia, ni wa jiwe la namna hiyo. Valyria nayo ilijenga hivyo kwa moto wa majoka, lakini Yandel mwenyewe anakiri kwamba msingi wa Hightower hauna mapambo waliyoyapenda Wavalyria.

Hapa ndipo mashabiki wengi huteleza. Wanalichanganya jiwe hili na jiwe jeusi lenye utelezi kama wa mafuta, linalopatikana Asshai, mji wa mashariki ya mbali, na kwenye Kiti cha Jiwe la Bahari, kiti cha enzi cha Visiwa vya Chuma vya Westeros, wakati vitabu vinayaeleza kwa sifa tofauti. Nadharia inayoyatenganisha hudai machache, lakini husimama imara zaidi.

Tofauti na fumbo la wazazi wa Jon Snow, mmoja wa wahusika wakuu, ambalo tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya hizo ililijibu mwaka 2016 kwa kuonyesha tukio lenyewe, fumbo la aina hii haliwezi kumalizwa na shahidi mmoja. Linapimwa kwa swali jingine: je, linaeleza hatari inayowakabili wahusika sasa? Westeros inakumbuka Usiku Mrefu kama vita dhidi ya viumbe wa barafu kutoka kaskazini. Yi Ti inaukumbuka kama adhabu ya mauaji ya ndugu. Ikiwa ni tukio moja, basi watu wa Ukutani wanajiandaa kupigana na adui ambaye wanajua nusu tu ya chanzo chake.