Wameandika "sugu": ndiyo basi tena?

Ndugu wa mgonjwa wa nimonia akiona majibu ya maabara hunivuta pembeni: "Daktari, wameandika sugu. Ndiyo basi tena?" Nami humrudishia swali: bakteria gani, na sugu kwa dawa ipi?

Mchukue nyumokokasi, kinara wa kuleta nimonia. Usugu wake kwa penisilini uliripotiwa Australia mwaka 1967. Miaka kumi baadaye, Durban, Afrika Kusini, wakaonekana wasiosikia dawa kadhaa kwa mpigo. Kisha mwaka 1995 madaktari wa Barcelona wakachapisha habari za wagonjwa 504 waliolazwa na nimonia kali ya nyumokokasi. Wenye bakteria sugu walikufa 38 katika kila 100, wengine, 24. Inatisha. Ila walipowatoa waliokuwa na bakteria mchanganyiko na kuhesabu mambo mengine yanayoua, tofauti ile ikayeyuka.

Kwa nini? Nyumokokasi haharibu penisilini. Anachobadili ni umbo la protini anazojengea ukuta wake, ambazo dawa huzing'ang'ania, basi dawa inashika kwa shida. Ukiipitisha kwenye mshipa kwa dozi kubwa, mara nyingi inashika. (Akishaingia kwenye utando wa ubongo, sahau hesabu hiyo, huko penisilini haipenyi vizuri.)

Klebsiella, bakteria mwingine wa nimonia, ni balaa jingine. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya kinachoikata seftriaksoni vipande, na hapo hata ukiongeza dozi unapoteza muda. Nayo seftriaksoni ndiyo sindano tunayoikimbilia sote, mimi nikiwemo. Kuotesha maabara bakteria wa kwenye damu au makohozi, ili kujua ni nani na anasikia dawa gani, huchukua siku mbili tatu, na mgonjwa aliyezidiwa siku hizo hana.

Kwa hiyo siku ya kwanza nabahatisha, na kinachonisaidia kubahatisha vizuri ni historia: alilazwa lini, alichomwa sindano gani miezi mitatu iliyopita. Wengi huficha, wakidhani nitawagombeza. Mzee mmoja aliniapia hajatumia chochote. Siku ya tatu, homa bado iko juu, mwanawe akaleta mfuko wa nailoni: vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nusu, na vichupa vitano vitupu vya seftriaksoni alivyochomwa mtaani. Tulibadilisha dawa jioni ile ile, kabla majibu ya maabara hayajarudi.