Mto unaugulia kule juu, si pale kwenye daraja

Kila mwaka mvua ikirudi Bukavu mwezi wa tisa simu zinaanza kulia: mto Kawa umejaa, matope yameingia mu nyumba, tumeni watu waje kuzibua. Tunaendaka, hatukatai, ila ukifika pale kwenye daraja umeshachelewa, kazi ilikuwa ifanyike juu ya kilima tangu mwezi wa saba wakati udongo bado mkavu na watu hawana haraka ya kupanda.

Angalia paa la mabati. Mvua inapiga kila mahali lakini maji yote yanatokea kona moja, kwa gutiere, ule mfereji wa bati unaokusanya maji ya paa, hapo ndo unaweka bidoni, dumu la maji. Mto ni gutiere, na vilima vyote vinavyomwaga maji humo ndo paa lake, sisi wa kazi hii ya kutengeneza mabonde tunaliita bonde la mto, na wewe unaweza kuwa unaishi ndani yake hata kama huo mto hujawahi kuuona. Sasa piga hesabu kidogo: mvua kali ya milimita 50 ikianguka kwenye hektari moja ni lita 500,000, yaani bidoni 25,000 za lita 20. Hektari moja tu! Udongo wenye majani na mizizi unameza bidoni nyingi kati ya hizo halafu unazitoa polepole kwa chemchem wakati wa kiangazi. Udongo mtupu, uliolimwa kwa mistari inayoshuka na kilima, unaziachia saa hiyo hiyo, na zinabeba ule udongo mweusi wa juu ambao ndo ulikuwa utupe maharagwe. Njiani zinaokota bichupa na masashe yetu ya mjini, ile mifuko ya plastiki, zinayapeleka ziwani, na ziwa linayasukuma kwenye mto Ruzizi mpaka kwenye mashine za barazhi, bwawa la umeme, kisha tunauliza juu ya nini umeme umekatika.

Kule Kalehe, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, maji na mawe yalishukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, watu zaidi ya 400 wakafa. Tusidanganyane, mvua kama ile hata msitu mzuri usingeizuia yote. Lakini kilima kilichovuliwa nguo hakina hata cha kujaribu nacho.

Sasa, watu wakisikia kutengeneza bonde wanafikiria siku moja ya kupanda miti, kofia, picha, fanta, kwisha. Mi siku hizo zimenichosha. Wazee wa Bushi, nchi ya Washi huku kuzunguka Bukavu, wanakumbuka mifereji ya wakati wa Wabelgiji, ya kuzuia maji yasishuke na udongo, ilichimbwa kwa lazima kilima kwa kilima, na uhuru ulipofika 1960 watu waliiacha, wengine waliifukia kwa furaha kabisa. Ufundi wake haukuwa mbaya, shida hakuna mwenye shamba aliyeulizwa. Mfereji ambao wewe mwenyewe hukuutaka hutausafisha, na mfereji usiosafishwa unajaa, unapasuka, unakuwa korongo.

Kwa hiyo tunaanzaga na mkutano, shefu wa kijiji na nyumbakumi wawepo, bamama wawepo zaidi maana wao ndo wako shambani, na wenye mashamba ya juu kabisa wawepo, wasipokuja hao tunaahirisha. Njia ya mfereji tunaipima na fremu ya A: fimbo mbili ndefu zimefungwa juu, moja fupi katikati, kamba na jiwe vinaning'inia. Unaisimamisha, unatia alama pale kamba inapogusa fimbo ya katikati, unabadilisha miguu yake mahali, unatia alama nyingine, na katikati ya hizo alama mbili ndo usawa. Baada ya hapo unatembea nayo ukivuka kilima, kila kamba ikisimama kwenye usawa unapigilia kijiti pale mguu wake ulipo, na ule mstari wa vijiti ndo njia ya mfereji, hata kama macho yako yanakwambia umepinda. Mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kwenye ukingo unapanda majani ya setaria au tripsakumu kwa ajili ya ng'ombe, na mti wa kaliandra, unaokupa pia kuni.

Mama mmoja upande wa Kabare aliniuliza swali ambalo sikulipata shuleni: mimi nalima bwasa, nikipanda mti si mwenye shamba atanifukuza? Ana haki. Mwenye kalinzi shamba ni lake na la watoto wake, lakini wa bwasa anakodi kwa muda mfupi na miti au migomba ya kudumu haruhusiwi, kwa sababu mti ni kama alama ya kumiliki. Halafu tunamlaumu eti hapendi mazingira! Inabidi mwenye shamba na mlimaji wakae mbele ya mashahidi, waandike kwamba miti ni ya nani na majani ni ya nani, na muda wa kukodi uongezwe. Bila hiyo karatasi, panda majani tu, majani hayamtishi mtu. Na mbuzi wafungwe baada ya mavuno, wakikubali kumi na mmoja akakataa, mbuzi wake watatu watamaliza kaliandra yote.

Sheria ya misitu ya 2002 inakataza kufyeka miti mita 50 kila upande wa mto na mita 100 kuzunguka chemchem. Kwenye mtaa uliojaa nyumba hiyo ni ndoto, lakini kule juu kwenye chemchem bado inawezekana, na mkaratusi usiupande hapo, unakunywa sana.

Mkitaka kujua kama kazi inazaa, chukueni bidoni ya lita 20 na simu yenye saa. Mwezi wa nane, asubuhi kabla watu hawajaanza kuchota, hesabuni sekunde mpaka bidoni ijae, andikeni mu kaye, yaani daftari, na tarehe. Mwaka kesho mwezi huo huo, bidoni ile ile, chemchem ile ile, sekunde zikipungua ujue maji yameongezeka. Kaye ikae kwa mama anayekaa karibu na maji, siyo kwetu ofisini.