Rekodi ya laivu ya watatu wa gitaa la jazi: ni nini hasa kinachonaswa?

Tangu Februari 2004 tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar, limeshikilia sharti moja: anayepanda jukwaani Ngome Kongwe apige na aimbe mwenyewe, asifunguliwe sidii akawa anafuatisha kwa mdomo. Kwa hiyo muziki wa laivu tunaujua. Rekodi ya laivu ni jambo jengine kidogo. Ni pale usiku mmoja wa aina hiyo unaponaswa na mitambo, kisha ukapelekwa kwa watu ambao hawakuwepo. Na rekodi hiyo inapokuwa ya wapigaji watatu wa jazi wanaoongozwa na gitaa, dhana nzima inaonekana wazi zaidi, maana wapigaji ni wachache na hakuna pa kujificha.

Jazi ninayoizungumza si ile ya Morogoro Jazz au Western Jazz, ambazo zilikuwa bendi za dansi, na dansi zuri. Ni muziki uliozaliwa na Wamarekani weusi mwanzoni mwa karne ya 20, ambao wimbo ndani yake ni mlango tu: unapigwa mara moja, halafu wapigaji wanabuni papo hapo juu yake.

Aliyezoea kuvisikiliza vikundi vya taarab kama Ikhwani Safaa au Culture Musical Club hatapotea hapa. Mpiga udi au ganuni huachiwa nafasi ya kutembea peke yake ndani ya maqamu, yaani mpangilio wa noti wa wimbo, bila ngoma ya dumbaki kumhimiza. Hiyo ndiyo taksimu, nayo haipigwi mara mbili sawasawa. Mbunifu wa jazi yeye hapewi muda wake. Wimbo una mzunguko, mara nyingi wa baa 32 (baa ni fungu dogo la mapigo, aghalabu manne), au 12 ukiwa ni bluzi, na mzunguko huo haukatiki tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwanza wote watatu hupiga wimbo wenyewe. Gitaa hubuni kwa mizunguko kadhaa, ikafuata besi, pengine gitaa na dramu zikapokezana baa nne nne, kisha wote wakarudi kwenye wimbo. Hakuna anayehesabu kwa sauti, na aliyepotea hana wa kumsubiri.

Gitaa halikuwa na cheo hicho zamani. Katika bendi kubwa zenye tarumbeta na saksafoni lilisikika kwa shida, kazi yake kushikilia mapigo. Lilipotiwa umeme ndipo mambo yalipobadilika. Charlie Christian, mpiga gitaa aliyejiunga na kundi la Benny Goodman mwaka 1939, aliwaonesha watu kwamba gitaa linaweza kupiga solo, yaani kutangulia peke yake, na likasimama sawa na vyombo vya kupuliza. Baada ya hapo ikawezekana gitaa liongoze kundi lake lenyewe: gitaa, besi kubwa ya kusimama na dramu, basi.

Tazama kinachokosekana: piano. Piano ikiwepo, hujaza sauti za pamoja, yaani noti kadhaa kwa wakati mmoja, chini ya solo, na msikilizaji anajua wimbo umefika wapi. Hapa mpiga gitaa akishaanza kubuni mstari wake, vidole haviwahi tena kupiga sauti hizo kila mara. Chini yake hubaki noti moja moja za besi na mlio wa matoazi ya dramu. Besi ndiyo inayotushika mkono. Ni mafiga matatu, na halipo la akiba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Juni 1975, katika klabu ya Bourbon Street mjini Toronto, Canada. Jim Hall, Mmarekani, alikuwa kwenye gitaa. Don Thompson kwenye besi na Terry Clarke kwenye dramu, wote wawili Wakanada. Thompson huyo huyo aliyekuwa akipiga besi ndiye pia aliyerekodi. Hall alikuwa mtu wa noti chache na sauti ya chini. Anapiga kipande kifupi, ananyamaza, na katika ule unyamavu unamsikia Clarke akijibu kwa brashi juu ya ngozi ya dramu. Hall anaanza upya, safari hii kutokea pale Clarke alipoishia. Jambo kama hilo haliandikwi kwenye karatasi kabla. Limetokea kwa sababu watu watatu walikuwa wanasikilizana, mara moja, na mashine ilikuwa imewashwa.

Studio, kila mpigaji anaweza kutengwa na wenzake, sauti yake ikaingia njia yake kwenye mashine. Noti mbovu ya gitaa ikapigwa upya kesho yake, besi isiguswe. Jukwaani maiki huvujiana: ya besi inanasa matoazi, ya dramu inanasa spika ya gitaa, na zote zinanasa kikohozi cha aliyekaa meza ya mbele. Fundi akifuta noti moja ya gitaa, noti ile ile bado imo kwenye maiki nyengine. Ndiyo maana makosa madogo huachwa, nami naona ni vizuri yaachwe. Mahali penyewe pia huingia ndani ya rekodi. Ukumbi mdogo wenye dari ya chini husikika umebana. Uwanja wa wazi kama ule wa Ngome Kongwe, hauna dari ya kuirudisha sauti, kwa hiyo nyingi yake huondoka na hewa.

Na hadhira nayo hupiga. Tunalijua hili kwenye kanda za taarab zilizorekodiwa ukumbini: mtu anainuka na noti ya fedha mkononi kwenda kutunza, vigelegele vinapanda, mwimbaji anaurudia ule ubeti, na kundi zima linarudi naye. Kwenye rekodi ya studio ubeti huo umepita mara moja tu. Katika klabu ya jazi watu hupiga makofi solo inapokwisha, ilhali mzunguko unaendelea, na mara nyingi noti za kwanza za solo ya besi humezwa na makofi hayo. Kisha watu wananyamaza wenyewe, maana besi haina sauti ya kushindana nao.

Si kila kilichopigwa kwa mkupuo mmoja ni cha laivu. Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, wakati ambao kukata na kuunganisha hakukuwezekana. Zilipigwa moja kwa moja kweli, lakini upande wa santuri ulibeba kiasi cha dakika tatu, na santuri ndiyo iliyoamua wimbo ukomee wapi. Ukumbini huamua wapigaji na waliokuja kuwasikiliza.

Wala si kila kinachouzwa kwa jina la laivu ni cha laivu chote. Al Di Meola, John McLaughlin na Paco de Lucía walikutana San Francisco tarehe 5 Disemba 1980, magitaa matatu bila besi wala dramu, ambayo ni namna nyengine kabisa ya watatu. Santuri iliyotokana na usiku ule ilipendwa duniani kote, na kipande kimoja ndani yake kilipigwa studio. Halinipunguzii raha ya vilivyobaki, lakini msikilizaji ana haki ya kulijua.

Rekodi za Jim Hall za Toronto zilikuwa nyingi kuliko zilizotolewa mwanzo. Mwaka 2012 zilitoka sehemu nyengine tatu za kundi lile lile la 1975. Anayetaka kuanza, asikilize kwanza kwa kuifuata besi peke yake, wimbo mzima, hata gitaa linapomvuta. Mara ya pili aliandame gitaa, atajua lilikuwa linakanyaga wapi.