Ubaroneti: cheo cha ukoo ambacho mfalme alikiuza apate hela ya askari

Kwenye dawati letu la elimu swali hili halikauki, ati Mwingereza akishaitwa Sir basi huyo ni lodi, yaani Lord, mwenye cheo cha juu kuliko Sir. Hapana bana. Hao Masir wako wa aina mbili, kuna naiti ambaye akifa cheo kinaisha hapohapo, halafu kuna baroneti ambaye cheo chake anarithi mwanawe mkubwa wa kiume, kisha mjukuu, hivyo hivyo mpaka ukoo ukatike. Na wote wawili si malodi, ubaroneti haujawahi kumpa mtu kiti kwenye Bunge la Malodi, lile bunge la juu la Uingereza.

Sasa hicho cha kurithi kilianzaje? Hela tu. Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza hazina imemkaukia na anataka askari wa kuishika Ulster, kaskazini mwa Ireland, ambako ardhi ya wenyeji ilikuwa inagawiwa walowezi kutoka England na Scotland, basi wakabuni cheo kipya na kukiwekea bei: pauni 1,095. Mbona isiwe elfu moja kavu? Piga hesabu mwenyewe, askari 30, kila mmoja peni 8 kwa siku, miaka 3, na pauni ya enzi hizo ilikuwa peni 240, inatoka 1,095 kamili haizidi haipungui. Yaani unanunua jina, mfalme analipa mishahara. Ila hela peke yake haikutosha, ilibidi uwe na ardhi ya kukuingizia angalau pauni 1,000 kwa mwaka na babu mzaa baba awe na nembo ya ukoo. Wa kwanza alikuwa Nicholas Bacon wa Redgrave, Suffolk. Na ule mkono mwekundu unaouona kwenye nembo za mabaroneti wengi ndo alama ya Ulster yenyewe.

Huku kwetu yupo mmoja tunayemjua kwa jina bila kujua cheo chake. William Mackinnon, Mskoti tajiri wa meli, ndiye mwanzilishi wa ile kampuni ya Imperial British East Africa iliyopewa hati ya kifalme 1888 na kuweka makao Mombasa. Alipewa ubaroneti 1889, akafa 1893 hana mtoto, cheo kikafa naye, miaka minne tu. Jina limebaki Mackinnon Road, pale njiani kwenda Voi wasafiri wanaposimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali.

Kwa nini asirithi ndugu? Hati ya cheo ndo inasema nani anarithi, na kwa kawaida ni wanaume wa uzao wa yule wa kwanza, wa ndoa halali. Na hilo la uzao linachukuliwa serious kweli, ukoo wa Pringle wa Stichill una cheo tangu 1683, baroneti wao wa 10 alipofariki 2013 wakajitokeza wadai wawili, DNA ikaonyesha kwamba mmoja wa waliorithi huko nyuma hakuwa damu ya baroneti aliyemtangulia, na 2016 majaji wa Baraza la Faragha (Privy Council, baraza la washauri wa ufalme wa Uingereza) wakaamua cheo kiende tawi lingine. Huyo wa 10 alikuwa amekibeba tangu 1961!

Tangu 1910 kuna daftari rasmi la mabaroneti, na mrithi asiyepeleka ushahidi akaandikwa humo, nyaraka za serikali hazimwiti baroneti, hata kama kijiji kizima kinamwita Sir.