Haiwaki si Haibuti

Kompyuta inapobuti, inautoa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza mashine kama Windows, kwenye diski na kuupakia kwenye RAM, kumbukumbu yake ya muda, mpaka ukaona skrini uliyoizoea. Kuwaka ni jambo jingine, tena linatangulia: umeme umeingia, feni inazunguka, taa ya mbele inaonekana. Mashine inaweza kuwaka vizuri kabisa na isibuti.

Neno lenyewe huwapoteza watu. Wengine hudhani ni kuipiga teke ishtuke, kwa kuwa buti tunalijua ni kiatu. Kiatu ni kweli, ila teke halimo. Buti nyingi zina kitanzi nyuma, cha kuvutia unapoingiza mguu, na kwa Kiingereza upo msemo wa mtu kujinyanyua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe, jambo ambalo haliwezekani. Watu wa kompyuta wa miaka ya 1950 waliuchukua msemo huo kwa sababu ulilingana na kitendawili chao. Programu haiingii kwenye kumbukumbu bila programu nyingine ya kuiingiza, na hiyo nayo iingizwe na nani?

Zamani jibu lilikuwa mtu. Mwenye Altair 8800, kompyuta ya mwaka 1975, alikaa mbele ya mashine akipandisha na kushusha swichi moja moja, akiingiza maagizo ya kwanza kwa vidole. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na chipu iliyo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, yenye programu ndogo isiyopotea umeme ukikatika. Programu hiyo wengi tunaiita BIOS hadi leo, ingawa mashine mpya zinatumia mrithi wake, UEFI. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza, ikakagua RAM na vifaa vingine, kisha ikaenda kutafuta diski. Kwa utaratibu wa zamani ilisoma baiti 512 tu za mwanzo wa diski, na ndani yake mlikuwa na kijiprogramu cha kuita kikubwa zaidi, nacho kikaita kingine, mpaka mfumo mzima ukasimama. Kila ninapowasha mashine nayakumbuka haya, na bado yananishangaza.

Sasa linaloniuma. Jirani yangu mmoja alimpigia fundi simu: "Fundi, kompyuta yangu haiwaki." Fundi akamjibu, "Dada, hiyo ni pawasaplai, kile kifaa cha kuipa mashine umeme, nunua nyingine." Akanunua, ikafungwa, hali ikabaki ile ile. Nilipofika nikakuta feni inavuma na kwenye skrini nyeusi kuna mstari mmoja wa maandishi meupe, unasema hakuna diski ya kubutia. Mashine iliyokosa umeme haiandiki kitu! Nikafungua ubavu wa kasha. Kebo ya diski, ile bapa nyembamba, ilikuwa imechomoka nusu. Nikaisukuma mpaka ikakaa, na mashine ikabuti. Fundi simlaumu sana, maana alitibu ugonjwa aliotajiwa.

Kama kweli haiwaki, yaani hakuna taa wala feni, kagua soketi, waya, na ile swichi ndogo nyuma ya kasha inayosahaulika. Kama inawaka lakini haibuti, anza kwa kuchomoa flashi uliyoiacha, kwani huenda mashine inajaribu kubutia humo, kisha utazame diski na kebo zake. Ipo pia hali ya katikati: feni inazunguka, skrini haina kitu, na mashine inalia pii, pii. Hapo mara nyingi RAM haijakaa sawa. Zima, chomoa waya wa umeme, itoe RAM, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, uirudishe mpaka vibana viifunge.

Basi ukimpigia fundi, tazama kwanza feni na taa. Kama vyote vipo, mwambie hivi: "Fundi, inawaka, ila haibuti," halafu umsomee kilichoandikwa kwenye skrini.