Anakuuzia kama nani? Swali la kuuliza kabla hujatoa hela ya kiwanja

Watu wengi wanaokuja hapa kwenye dawati letu la msaada wa kisheria Kigoma wanakuja na karatasi mkononi. Nalisema hili mapema sababu kuna dhana kwamba wanaolizwa kwenye viwanja ni wale wasioandikishana, hapana, watu wanaandikishana vizuri tu: karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, muhuri wa mtaa, mashahidi wa upande huu na upande ule, wengine mpaka picha za pasipoti wamebandika na dole gumba juu yake. Ukiisoma sasa unakuta "nimemuuzia ndugu fulani kiwanja changu kilichopo Gungu, kinapakana na mwembe na kwa mama fulani". Mwembe ulishakatwa, mama fulani alishahama, na huyo aliyeandika "kiwanja changu" ni mtoto wa tatu wa marehemu ambaye hata mirathi haijafunguliwa.

Hapo ndo penyewe. Mnunuzi anahangaika na bei wiki nzima, anampigia dalali simu usiku, laki mbili ikipungua anafurahi, ila hajamuuliza muuzaji swali moja: mzee, unaniuzia kama nani? Kama mmiliki? Kama msimamizi wa mirathi? Kama mume? Kama mtu uliyepewa mamlaka na mwenye mali aliyeko Dar? Kila jibu lina karatasi yake na kama karatasi hiyo haipo basi unanunua maneno.

Tuanze na la mirathi maana ndo linatuletea kesi nyingi. Kikao cha ukoo hakimpi mtu madaraka ya kuuza, kikao kinapendekeza jina tu, anayeteua ni mahakama, na kwa familia nyingi za huku inakuwa Mahakama ya Mwanzo. Unapeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, mahakama inatangaza, asiyekubali anaweka pingamizi, pingamizi likishindwa au lisipokuwepo ndo msimamizi anapewa barua ya uteuzi. Kabla ya hapo hata awe kaka mkubwa aliyewalea wenzake wote hana cha kuuza. Na hata akiwa na hiyo barua, msimamizi sio mwenye mali, anagawa mali ya warithi, kwa hiyo mi huwa nawaambia wanunuzi ombeni warithi wote watie sahihi kukubali mauzo. Wataona kama unawasumbua lakini yule mdada aliyeolewa Kasulu ambaye hakushirikishwa ndo atakayekuja kukufungulia kesi, na sheria inampa miaka 12 ya kudai ardhi.

La pili ni mume na mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inalinda mwenzi hata kama jina lake halipo kwenye hati. Sasa wanaume wengi wanakuja na "mke wangu anajua". Anajua sio ridhaa, ridhaa ni sahihi yake. Na mnunuzi nenda mwenyewe kaitazame nyumba mchana watu wakiwepo, ukikuta mama anapika pale uani muulize kwa adabu tu, "mama, shikamoo, nimesikia nyumba inauzwa". Utamuona usoni kabla hajajibu.

Kuhusu mwenyekiti wa mtaa sitaki kugombana na mtu. Mwenyekiti ni shahidi mzuri, anawajua majirani, anajua kiwanja kimeuzwa mara ngapi. Lakini muhuri wake haumfanyi mtu kuwa mmiliki, na ile asilimia kumi ya bei inayodaiwa kwenye mitaa mingi omba risiti ya serikali yenye kontrol namba, kama haipo ujue unalipa kitu kingine. Vijijini ni tofauti kidogo, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji na haitakiwi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, kwa hiyo ukiuziwa shamba kule Ilagala au Nguruka na mtu mmoja mwenye muhuri, ulizia muhtasari wa mkutano.

Kuna mambo mawili ya Kigoma ambayo mtu wa Dodoma hawezi kukuambia. Moja ni michikichi. Huku shamba ni michikichi, bei inapangwa kwa michikichi, halafu mkataba unaandika "ekari mbili" basi. Msimu wa kuvuna ukifika muuzaji anatokea na panga, anasema mimi niliuza ardhi, michikichi alipanda babu. Andikeni idadi, andikeni imo au haimo, na kama kuna mtu alikodishiwa kuvuna andikeni mwisho wake lini. Lingine ni viwanja vya ziwani. Kiwanja kinaangalia maji, upepo mzuri, dalali anakwambia utajenga gesti. Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kwa hiyo chukua futi kamba upime kabla ya kupendana na mandhari, na ziwa letu likijaa ukingo unasogea kwako.

Halafu huku mpakani tuna undugu na watu wa Burundi na ng'ambo ya ziwa Kongo. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake. Wengine wanaandikisha kwa jina la shemeji Mtanzania, wanakuja kulia baadaye, na mimi nakuwa sina la kuwasaidia sana, mwenye jina ndo mwenye ardhi.

Kama kiwanja kina hati usinunue bila upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, wengi wanaita sechi. Unalipia unapewa majibu kwa maandishi: hati ni ya nani, ina mkopo benki, kuna zuio? Zamani mtu wa Kigoma alikuwa anapanda treni kwenda Tabora kwa shughuli kama hizi, ofisi za ardhi za mikoa zilipoanzishwa 2020 mambo yakasogea karibu, sasa kisingizio cha nauli kimeisha. Kopi ya hati uliyotumiwa kwenye simu sio sechi.

Majibu yakiwa safi, mkataba uandikwe mbele ya wakili (sheria inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi), hela ipite benki, na bakaa usimalizie mpaka muuzaji amesaini fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, na hati asili iko kwa wakili. Deni la kodi ya pango la ardhi liwe limelipwa, mthamini apite, ushuru wa stempu asilimia 1 na kodi ya ongezeko la mtaji vilipwe. Hiyo kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake ni asilimia 10 ya faida sio ya bei yote, na hapa wauzaji mnajiumiza wenyewe: ulijenga miaka minane, saruji, bati, fundi, risiti zote ukawashia moto. Bila risiti utaonyeshaje ulitumia ngapi? Muuzaji ndo mwenye mzigo wa kodi hiyo, mkikubaliana vinginevyo muandike kwenye mkataba.

Mgogoro ukishatokea unaanza na usuluhishi wa baraza la kata, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui nani mwenye kiwanja, kwa hiyo ukiambiwa "kata walishaamua mwaka jana" uliza walichoandika.

Ukija kwetu njoo na karatasi zote hata iliyochanika, ila njoo kabla ya kulipa. Juzi baba mmoja alifika na mkataba ambao haujasainiwa, tukakuta muuzaji jina lake halifanani na la kwenye hati hata herufi moja. Alikuwa na milioni nne kwenye mfuko wa kaki, akaondoka nazo.